Risasi Haiungui

Wanaopigia debe mitambo ya kuchoma taka hutuambia kwamba moto hupunguza ujazo wa taka kwa takriban asilimia 90. Ni kweli. Ila risasi, kadimi na zinki zilizotoka kwenye betri, rangi na vifaa vya umeme haziungui. Taka hupungua, metali hizo hubaki zilezile, zikiwa zimerundikana kwenye majivu machache.

Wala hazigawanyiki sawasawa. Kila kilo 1,000 za taka za mjini huacha kilo 200 hadi 250 za majivu mazito chini ya tanuri, na kilo 20 hadi 30 za vumbi laini linalonaswa na vichujio vya moshi. Vumbi hilo ndilo lenye matata. Risasi tupu huchemka kwenye nyuzi 1,749 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la taka halifikii. Ikikutana na klorini iliyomo kwenye plastiki ya PVC au chumvi ya jikoni, hugeuka kloraidi ya risasi, nayo huchemka kwenye nyuzi 950. Hupanda na moshi, na moshi ukipoa huganda juu ya chembe za vumbi. Imekaa juu juu, hivyo maji ya mvua huichukua bila taabu.

Kwa kuwa metali haiangamizwi, kazi inayobaki ni kuifunga isiyeyuke. Hapo chokaa huwapoteza wengi. Mitambo huinyunyiza kwenye moshi ili kuua tindikali, na ile inayosalia huipandisha pH ya vumbi kupita 12. Risasi huyeyuka kidogo sana pH ikiwa kwenye 9 au 10. pH ikishuka sana risasi huyeyuka, na ikipanda mno huyeyuka vilevile.

Ndiyo maana cheti cha maabara kinachosema majivu ni salama hakitoshi bila kujua kipimo kilifanywaje. Marekani huchukua gramu 100 za majivu, huzitia kwenye kimiminika cha asidi ya siki chenye uzito mara 20, na kuzungusha chupa kwa saa 18 hivi. Risasi ikizidi miligramu 5 kwa lita, majivu ni taka hatari. Ulaya hutumia maji matupu, kwa saa 24. Vumbi lenye chokaa nyingi laweza kuimeza asidi ya siki, pH ikatua kwenye 9 na vumbi likafaulu. Vumbi lilelile likiwekwa kwenye maji matupu, pH hubaki juu ya 12 na risasi ikamwagika.

Saruji ndiyo dawa iliyozoeleka. Huzuia maji kupenya, lakini zinki huichelewesha kukauka, na chumvi zilizomo kwenye vumbi huyeyuka baadaye zikaacha matundu. Kwa hiyo ni busara kuliosha vumbi kwanza, ingawa maji ya kuoshea nayo yatahitaji kusafishwa. Fosfeti hufanya kazi kwa njia nyingine: huungana na risasi na kloraidi kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi hata pH ikibadilika. Kwa zebaki haisaidii sana.

Wanorwe walitumia tindikali. Katika kisiwa cha Langøya, ndani ya ghuba ya Oslo, vumbi la mitambo ya taka limekuwa likichanganywa na asidi ya salfa iliyo taka ya kiwanda cha rangi nyeupe. Chokaa ya upande mmoja huua tindikali ya upande wa pili, ikatoka jasi inayoshika metali, nayo imekuwa ikijazwa kwenye mashimo ya machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa.

Hesabu hizi zimeshafika kwetu. Mtambo wa Reppie, Addis Ababa, uliozinduliwa mwaka 2018, ulisanifiwa kuchoma tani 1,400 za taka kwa siku. Kwa uwiano niliotaja, mtambo wa ukubwa huo ukifanya kazi kwa uwezo wote hutoa tani 28 hadi 42 za vumbi kila siku. Jiji lolote la Afrika Mashariki likiletewa mkataba wa mtambo wa namna hiyo, diwani asiishie kuuliza mtambo utatoa megawati ngapi za umeme. Aulize vumbi litafungwa kwa kitu gani, litapimwa kwenye pH ipi, litazikwa wapi, na gharama hiyo imo kwenye bei au italipwa na halmashauri.