Katuni ya Panda Yatima: Picha Iliyochorwa Hupataje Uhai?

Wilaya za Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, zimewapokea wakimbizi kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita nchini Kongo, na ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 ili kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi. Katika misafara ya namna hiyo huwamo watoto waliopotezana na wazazi wao. Maisha ya mtoto wa aina hiyo ndiyo kiini cha filamu moja ya kuchekesha, Kung Fu Panda 2, iliyotolewa mwaka 2011 na studio ya DreamWorks Animation ya Marekani. Ili kuelewa jinsi kichekesho cha ngumi na mateke kilivyoweza kubeba jambo zito kama hilo, yafaa kwanza kufahamu jinsi picha iliyochorwa inavyopata mwendo.

Jicho na ubongo

Filamu haina mwendo wowote ndani yake. Ni mfululizo wa picha tuli, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyoitangulia, zinazoonyeshwa upesi moja baada ya nyingine. Kwa kawaida picha 24 hupita katika kila sekunde moja. Zamani ilidhaniwa kuwa sababu ya kuona mwendo ni jicho kuihifadhi picha kwa kitambo kifupi. Leo wataalamu wanaeleza kwamba kazi kubwa hufanywa na ubongo: ukipokea picha mbili zinazokaribiana kwa wakati na kwa mahali, huziunganisha na kuzitafsiri kuwa kitu kimoja kinachosogea.

Filamu hii huchukua takriban dakika 90. Mwanafunzi akizidisha 90 kwa 60, kisha kwa 24, atapata picha 129,600. Picha hizo zilitengenezwa kwa kompyuta, ambayo hukokotoa mwanga, kivuli na rangi ya kila unyoya na kila ukuta. Tuseme, kwa mfano, kwamba kompyuta moja ingeimaliza picha moja kwa saa moja. Kazi yote ingechukua siku 5,400, yaani karibu miaka 15. Hii ndiyo sababu studio za aina hiyo huzifungamanisha kompyuta nyingi zifanye kazi pamoja usiku na mchana. Aidha, filamu hii ilitengenezwa pia kwa namna ya kuonekana na kina, ambapo kila jicho hupewa picha yake. Kwa hiyo idadi ya picha iliongezeka maradufu.

Hadithi na waliyoitengeneza

Mwongozaji wa filamu hiyo alikuwa Jennifer Yuh Nelson, mzaliwa wa Korea ya Kusini aliyehamia Marekani akiwa mtoto. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 2008, ndiye aliyekuwa mkuu wa wachoraji wa mtiririko wa hadithi. Kabla ya kuanza kazi ya filamu ya pili, watengenezaji walisafiri hadi Chengdu, nchini China, wakaangalia milima, majengo ya kale na panda wenyewe.

Mhusika mkuu ni Po, panda mnene aliyelelewa na bata bukini mwenye mkahawa wa tambi. Siku moja, katikati ya pambano, Po anaona alama fulani, na ghafla anamkumbuka mama yake. Tangu hapo mkono wake unasita na adui anamshinda. Baadaye anatambua kwamba kijiji chao kiliteketezwa kwa amri ya tausi aitwaye Shen, na kwamba mama yake alimficha ndani ya kreti la figili kisha akawavuta maadui wamfuate yeye.

Hapo mbinu ya uchoraji ilitumika kwa busara. Matukio ya sasa yameonyeshwa kwa maumbo ya kompyuta yenye unene na kina, lakini kumbukumbu za Po zimeonyeshwa kwa michoro bapa, kwa mtindo wa katuni za kale zilizochorwa kwa mkono. Mtazamaji hahitaji kuelezwa kwa maneno kwamba amerudishwa nyuma. Macho yake yanatambua. Kumbukumbu ya mtoto mdogo huwa vipandevipande, na mchoro bapa unafanana nayo kuliko picha iliyokamilika kila upande. Mwishoni Po hashindi kwa kusahau yaliyompata, bali kwa kuyakubali. Kisha anarudi kwa yule bata na kumwita baba.

Ilivyopokewa

Filamu hiyo iligharimu dola za Marekani zipatazo milioni 150, ikaingiza zaidi ya milioni 660 duniani. Mapato yake nchini Marekani yalikuwa madogo kuliko ya filamu ya kwanza, lakini katika nchi nyingine yaliongezeka sana. Iliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar ya filamu ya katuni, ingawa mwaka 2012 tuzo hiyo ilikwenda kwa filamu ya Rango.

Huko China msanii Zhao Bandi aliwataka wananchi waisusie, akiona kuwa wageni wanafanya biashara kwa mnyama na utamaduni wa Wachina. Hata hivyo watu walijaa kumbini. Swali lililobaki ni hili: kwa nini wenye panda na wenye kung fu hawakuitengeneza wao? Mwaka 2012 studio ya ubia ilianzishwa mjini Shanghai, na ikashiriki kuitengeneza filamu ya tatu, iliyotolewa mwaka 2016.

Uhusiano wa filamu hii na magharibi mwa Tanzania haumo katika hadithi pekee. Sauti ya Tigress, simbamarara jike aliye rafiki wa Po, ni ya Angelina Jolie. Mwaka 2003, akiwa Balozi Mwema wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, alizitembelea kambi za wakimbizi wa Kikongo katika eneo hilo.

Swali lililoulizwa China lina maana kwa Afrika Mashariki pia. Katika vibanda vya video vya Tanzania, watafsiri kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakiongeza mizaha na mifano ya nyumbani ili mtazamaji aelewe. Hatua iliyofuata ilikuwa kutengeneza picha zenyewe. Mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids, zilizotengenezwa Dar es Salaam, zilianza kuwafundisha watoto hisabati na sayansi kwa Kiswahili kupitia televisheni.

Jaribio la darasani

Sayansi ya kazi hii haihitaji umeme ili kufahamika. Mwanafunzi achukue daftari na kuchora chungwa dogo karibu na ukingo wa nje wa karatasi ya mwisho. Katika karatasi inayoitangulia, alichore milimita 1 chini ya pale lilipoanzia; katika inayofuata milimita 4, kisha 9, 16, 25, na kuendelea hadi 100. Vipimo vyote vianzie pale pa kwanza. Michoro hiyo itakuwa 11. Kisha aziachie karatasi upesi kwa kidole gumba, kuanzia ya mwisho, naye ataliona chungwa likianguka.

Mwenzake achore chungwa likishuka kwa milimita 10 kila mara. La kwanza litaonekana kuwa na uzito; la pili litashuka kama kitu kilichofungwa kamba. Sababu ni kwamba umbali wa kitu kinachoanguka huongezeka kwa kadiri ya kipeo cha pili cha muda. Mchekeshaji wa katuni anayetaka panda wake aelee hewani sharti aijue kanuni hiyo kabla hajaivunja, maana mtazamaji hucheka pale tu anapotambua kwamba kanuni imevunjwa.

Daftari na penseli vinapatikana Kasulu na Kibondo, na hadithi za kuchora zimo humo tele. Mtoto aliyepoteza picha za nyumbani kwao anaweza kuanza kuzichora upya, karatasi moja baada ya nyingine.