Mwenye kigugumizi Lamu: kipi kweli, kipi si kweli

"Amekipata kwa kuigiza." Si kweli. Kigugumizi hakiambukizi, wala hakitokani na kutekenywa au na uzi wa chini ya ulimi. Chanzo chake ni jinsi ubongo unavyopanga usemi, na mara nyingi hurithiwa: mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza jeni zinazohusika nacho, baada ya kuchunguza familia za Pakistan na kwingineko. Kwa hiyo anayesema "kimo ukooni mwao" huenda yuko sahihi.

"Akikua kitamtoka." Kweli kwa watoto wengi wanaoanza wakiwa na miaka 2 hadi 5. Hubaki kwa takriban mtu mzima 1 kati ya 100, wanaume zaidi. Kikipita mwaka, mpelekeni kwa mtaalamu wa usemi, hata ikibidi kuvuka hadi Mokowe na kupanda basi la Mombasa.

"Kwenye kasida hakimshiki, basi anajifanya." Nusu ya kwanza ni kweli. Katika Maulidi, maneno anayajua, matari yanampa mwendo, na sauti za wenzake zinambeba. Dukani hana hayo, na neno "sukari" linakwama. Kumwita mwongo ni kumwonea.

"Mchagulieni kazi isiyo na maneno." Si kweli, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hutoka kwa watu wanaompenda. Kijana anataka ualimu au kuongoza watalii. Wazee wanamweka kwa fundi wa milango. Uchongaji ni kazi ya heshima kwa anayeutaka. Lakini kazi ya kimya iko wapi? Fundi hupatana bei, nahodha huamrisha mabaharia. Mwigizaji James Earl Jones, sauti ya simba Mufasa katika filamu ya mwaka 1994, utotoni alikaa miaka kadhaa akikwepa kusema kwa sababu ya kigugumizi, mpaka mwalimu wake akamtia moyo kusoma mashairi mbele ya darasa. Mwalimu yule hakumtafutia pembe ya kujificha.

"Ndugu wamsemee." Si kweli. Nabii Musa alimwomba Mola amfungulie fundo la ulimi na ampe nduguye Harun awe msaidizi. Tazama mpango huo: msaada aliuomba mwenyewe, na kwa Firauni walikwenda wote wawili. Nyumbani, mwacheni amalize neno lake. Mtazameni usoni, msimwambie "tulia" wala "vuta pumzi", anajua kupumua. Na wageni wakija, asifichwe chumbani.

"Kwenye usaili asikitaje." Si kweli kwa wengi. Akisema mapema, "Nina kigugumizi, nitahitaji muda kidogo," nguvu aliyokuwa akiitumia kukificha huenda kwenye majibu. Hilo alifanyie mazoezi nyumbani, mbele ya shangazi na wajomba wanaojua kusubiri. Siku yenyewe, iwe ni bandarini, hotelini au shuleni, mzazi aliyemsindikiza abaki nje.