Uskoti Katika Picha za Kale na za Leo

Sheria ya hataza ina sehemu yake katika wingi wa picha za kale za Uskoti, kwa kuwa William Henry Fox Talbot, aliyebuni kalotipi, yaani njia ya kunasa taswira kwenye karatasi iliyotiwa kemikali zenye madini ya fedha, alijipatia haki ya ubunifu huo nchini England mwaka 1841, lakini haki hiyo haikufika Uskoti, ambako yeyote aliyetaka aliweza kuutumia bila malipo. Ndiyo maana mwaka 1843 mchoraji David Octavius Hill, alipokusudia kuchora kundi kubwa la wachungaji waliojitenga na Kanisa la Uskoti, alishirikiana na kijana Robert Adamson kuwapiga picha kwanza mjini Edinburgh. Kwa kuwa kalotipi ilidai jua kali na mtu asiyetikisika, samani zilitolewa uani, na picha zinazodhaniwa kuwa za sebuleni zilipigwa nje. Wawili hao waliwapiga picha pia wavuvi wa Newhaven na wake zao wachuuzi wa samaki, na kazi hiyo, pengine, inawapita kwa uhai wachungaji wote. Adamson alifariki mwaka 1848 akiwa na miaka 26. Mchoro wa Hill ulikamilika mwaka 1866.

Mjini Glasgow, kati ya 1868 na 1871, Thomas Annan aliajiriwa na mamlaka ya kuboresha jiji apige picha za vichochoro vya mitaa ya kale kabla havijabomolewa. Picha zake zinaonyesha kuta zilizokaribiana mno, nguo zilizoanikwa juu ya vichwa vya watu na maji machafu yakitiririka juu ya mawe, huku watoto walioshindwa kutulia wakibaki kama ukungu. Atakayesimama leo katika mtaa wa High Street akiwa na picha hizo mkononi ataona kwamba sehemu kubwa ya mambo hayo haipo tena. Annan huyohuyo alimpiga picha David Livingstone mwaka 1864, msafiri huyo aliporejea kutoka Zambezi.

Picha za mandhari zina ugumu zaidi. George Washington Wilson wa Aberdeen, mpiga picha wa Malkia Victoria nchini Uskoti, aliwauzia watalii waliosafiri kwa reli maelfu ya picha za milima na maziwa, na nyingi kati yake hazina mtu hata mmoja. Mtazamaji huweza kudhani kwamba ameonyeshwa nchi ambayo haijaguswa na mkono wa binadamu, kumbe tangu nusu ya pili ya karne ya 18 makabaila wa Nyanda za Juu walikuwa wamewafukuza wapangaji wao ili mabonde yafugiwe kondoo, na baadaye yawindiwe kulungu. Misonobari nayo ilikuwa imekatwa kwa karne nyingi, na miche ililiwa na wanyama hao. Kwa hiyo picha mpya iliyopigwa pale pale, kwa pembe ileile, huweza kuonyesha miti mingi kuliko ya zamani, kama katika eneo la Mar Lodge, lililonunuliwa mwaka 1995 na shirika la National Trust for Scotland, ambako idadi ya kulungu ilipunguzwa na msitu ukaanza kuota wenyewe. Ulinganisho huo unahitaji tahadhari, kwa sababu mabamba ya kioo ya wakati ule yalihisi zaidi mwanga wa buluu: anga ilitoka nyeupe tupu, na majani ya kijani yakawa karibu meusi.

Kisiwani St Kilda, magharibi ya Hebrides, kampuni ya Wilson iliwapiga picha wakazi katika miaka ya 1880, na sura zao zikauzwa kama vitu vya kushangaza. Wakazi 36 wa mwisho walihamishwa kwa ombi lao wenyewe tarehe 29 Agosti 1930. Picha za sasa zinaonyesha safu ileile ya nyumba za mawe, baadhi zikiwa zimeezekwa upya, pamoja na kituo cha rada cha kijeshi kilichoanzishwa mwaka 1957, ambacho hakikosekani pichani isipokuwa mpiga picha ageuze kamera upande mwingine.