Kutoka Lenana Hakuna Kumalizia Batian

Nimeulizwa tena swali lile lile: "Nikifika Lenana nikiwa bado na nguvu, si namalizia Batian tu?" Humalizii. Vyote viwili ni vilele vya Mlima Kenya, lakini Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu. Batian, mita 5,199, hufikiwa kwa kamba. Hizo mita 214 za kwenye karatasi ndizo zinazowaponza watu. Ukitoka Lenana unashuka kwanza hadi barafu ya Lewis, unaivuka, kisha unaukabili ukuta wa mwamba wa kilele cha Nelion. Ukiumaliza, bado kuna pengo liitwalo Lango la Ukungu kati yako na Batian.

Kwamba pumzi za mkimbiaji zinatosha ni imani inayonikera, maana mlima wenyewe ulishaijibu. Halford Mackinder alifika Batian tarehe 13 Septemba 1899 akiongozwa na mabingwa wawili wa Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Walikwama mwambani mara ya kwanza. Walipofaulu, ilibidi wachonge vidato kwenye barafu ngumu mno. Ikapita karibu miaka 30 mtu mwingine asionekane huko, hadi Eric Shipton na Percy Wyn-Harris mwaka 1929. Je, miaka yote hiyo wenye miguu imara walikosekana? Mwaka 1943 Felice Benuzzi na wenzake, Wataliano waliotoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki, walijaribu Batian wakarudishwa. Bendera yao waliisimika Lenana. Mwaka 1970 daktari Gert Judmaier alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, na waokoaji wakaletwa kwa ndege kutoka Austria. Huko juu mguu uliovunjika ni msiba.

Wala msiniulize kaunti ipi ina njia nyepesi. Kaunti tano zinakutana vileleni, ulikopita mpaka wa mikoa ya zamani ya Kati na Mashariki, lakini linaloamua upande ni jua: mwamba wa kusini hupandika Desemba hadi Machi, wa kaskazini Julai hadi Septemba.

Unataka Lenana? Pita Sirimon, Naro Moru au Chogoria, panda polepole, lala njiani usiku tatu. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, shuka, usisubiri asubuhi. Unataka Batian? Jifunze kamba kwanza kwenye miamba ya Hell's Gate au Lukenya, hasa kushuka kwa kamba, kisha tafuta kiongozi aliyekwishaupanda ukuta wa Nelion, si wa njia ya miguu. Kofia ngumu ni lazima. Mawe huanguka.