Kibarua bila barua

Jioni moja fundi kijana wa umeme alibisha langoni pangu hapa Kahawa Sukari. Nilimfahamu, kwa maana ndiye aliyevuta nyaya za chumba tulichoongeza nyuma ya nyumba miaka michache iliyopita. Safari hii hakuja na koleo wala bisibisi, bali alikuja na bahasha tupu mkononi. Baada ya kujuliana hali na kupewa kikombe cha chai, alinieleza haja yake. "Mwalimu," alisema, "wewe ni mtu wa maneno. Naomba uniandikie barua."

Barua ya nini? Kijana huyu alikuwa ametoka kufanya kazi ya miezi mitano, mbali na nyumbani, katika ujenzi wa kituo cha kupokea na kugawa umeme. Alilipwa vizuri mno. Kwa siku moja alipata kile ambacho hapa mtaani hukipata kwa siku tatu, tena siku akibahatika. Sasa alitaka kuiomba Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) leseni ya daraja la juu kuliko ile aliyo nayo, na ombi kama hilo halikamiliki bila ushahidi wa tajriba. Aliyemwajiri alikuwa mwanakandarasi mdogo aliyemegewa kazi na mwanakandarasi mkubwa. Mradi ulipokwisha, ofisi ilifungwa na simu ikawa haipokelewi. Katika miezi yote mitano, hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa jina lake.

Sikumwandikia barua hiyo. Ningeweza kuiandika kwa sarufi safi na lugha tamu, lakini ingekuwa barua ya uongo, kwani mimi sikumwona akifanya kazi ile. Hata hivyo, alipoondoka usiku ule, jambo hilo halikuniondoka moyoni. Hapa palikuwa na mtu mwenye ujuzi, mwenye bidii na hata mwenye fedha kidogo, lakini aliyepungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni maandishi.

Msomaji mpendwa, mimi ni mwanaisimu, na mwanaisimu akikabiliwa na tatizo hukimbilia maneno. Tulitazame neno "kibarua". Leo tunalitumia kwa dharau kidogo, tukimaanisha mtu anayelipwa kwa siku, asiye na uhakika wa kesho. Asili ya neno hilo lakini ni "barua", na kibarua kilikuwa barua ndogo. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mtu aliyekodiwa kwa kutwa, aghalabu mtumwa aliyelazimika kumpelekea bwana wake sehemu ya ujira, alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake. Muda si muda jina la kikaratasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Kwa hiyo hata katika zama zile za dhuluma, kibarua alijulikana kwa barua yake. Ni kinaya kikubwa kwamba leo, katika nchi huru yenye sheria na mahakama, tunaye kibarua anayelipwa maelfu kwa siku lakini hana barua.

Maneno mengine mawili yanastahili kutazamwa pamoja na hilo. Neno "mkataba" limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Kwa asili yake, basi, mkataba ni kitu kilichoandikwa, na "mkataba wa mdomo" ni maneno yanayopingana yenyewe kwa yenyewe. Kando yake tunalo neno "kandarasi", tulilolipokea kutoka Kiingereza kupitia vinywa vya wajenzi. Katika matumizi ya kila siku hapa Kenya, kandarasi ni ile kazi yenyewe, nao mkataba ni waraka wa makubaliano. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kusema bila kukosea lugha, "Nimepata kandarasi lakini sina mkataba." Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi. Kisheria na kimaisha, ni maafa.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba kazi za muda ni uovu. Kazi ya umeme, kwa tabia yake, huja kwa mawimbi. Mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma lililokamilika mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, yalihitaji mafundi wengi wakati wa kujengwa na wachache sana baada ya hapo. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Marsabit, una mitambo 365 yenye uwezo wa kuzalisha megawati 310. Kuisimamisha mitambo hiyo, na kuvuta nyaya za kilovolti 400 kwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, kazi iliyokamilika mwaka 2018, kulihitaji mikono mingi ambayo haiwezi kuhitajika milele. Vivyo hivyo mpango wa kuunganishia wananchi umeme ulioanzishwa mwaka 2015, ambapo ada ya kuunganishiwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, ulifungua milango kwa wanakandarasi wengi. Nguzo ikishasimama na waya ukishavutwa, fundi hana budi kuhama.

Hata hapa kwetu hali ni hiyo hiyo. Mashamba ya kahawa yaliyoupa mtaa huu jina yamepisha nyumba za ghorofa, nyingi zikiwa za kupangishwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kila ghorofa inayochomoza humwita fundi wa kupitisha mabomba ya nyaya ukutani, kisha wa kuvuta waya, kisha wa kufunga swichi na soketi na kupima ethi. Baada ya wiki chache humuaga. Mwenye jengo hawezi kulaumiwa kwa kutomwajiri fundi huyo hadi uzeeni.

Aidha, wako mafundi wanaoipenda hali hii. Wao huona kwamba ajira ya kudumu ni kamba shingoni, na kwamba ni afadhali miezi mitano ya malipo manono kuliko mwaka mzima wa mshahara mwembamba. Hoja hiyo ina uzito, lakini na tuipime kwa hesabu. Tuseme fundi analipwa shilingi 5,000 kwa siku, kwa siku 26 za kila mwezi, kwa miezi mitano. Atapata shilingi 650,000. Ni kitita cha kumfanya mtu atembee kifua mbele! Iwapo miezi saba inayofuata hatapata kazi nyingine, kitita hicho kikigawanywa kwa miezi 12 kinakuwa takriban shilingi 54,000 kwa mwezi. Humo ndimo atakamotoa nauli, chakula na malazi ya ugenini, na bei ya vifaa vyake vya kazi. Humo pia ndimo atakamotoa mchango wa bima ya afya, na akiba ya uzeeni ambayo mwenzake aliyeajiriwa huchangiwa na mwajiri kiasi sawa na chake katika hazina ya NSSF. Mwenzake huyo, kwa mujibu wa sheria, ana likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 kwa mwaka. Yeye likizo yake ni njaa.

Ukitazama hesabu hiyo kwa makini, utang'amua kwamba ule ujira mnono si zawadi. Sehemu yake ni mshahara, na sehemu nyingine ni bei ya vitu alivyonyimwa, yaani uhakika, likizo, akiba na kinga. Ole wake fundi anayezila fedha zote kana kwamba ni mshahara mtupu. Wahenga walisema akiba haiozi, na tangu hapo wenye kipato cha msimu ndio waliohitaji usemi huo zaidi kuliko wenye kipato cha kila mwezi.

Hilo ni jukumu la fundi mwenyewe. Kuna jukumu jingine ambalo si lake, nalo ni la maandishi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikunyamaza kuhusu jambo hili. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa utumishi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandaa limewekwa kwa mwajiri, si kwa mfanyakazi. Kifungu cha 10 kinaongeza kwamba kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa utakuwa juu yake. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu, basi huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mkataba wa mwezi. Nacho kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi kwa chini ya majuma manne mfululizo.

Yule kijana wangu alifanya kazi miezi mitano. Mkataba ulikuwa haki yake, na cheti kilikuwa haki yake. Hakuhitaji kuja kwa mwalimu wa lugha kuomba msaada wa kalamu.

Kwa nini basi haki hizo hupotea? Sababu moja imejificha ndani ya lugha tena. Sheria hutofautisha mkataba wa utumishi na mkataba wa huduma. Katika mkataba wa kwanza, mtu hutumika chini ya amri ya mwingine, na ni mfanyakazi. Katika mkataba wa pili, mtu huuza kazi iliyokamilika, na ni mfanyabiashara anayejitegemea, asiyelindwa na Sheria ya Ajira. Mwanakandarasi mjanja humwambia fundi, "Wewe si mwajiriwa, wewe una kandarasi yako." Fundi huvimba kichwa kwa kuitwa mwanakandarasi, ilhali huamriwa saa ya kufika na saa ya kuondoka, huvaa kofia ya kampuni, hutumia ngazi ya kampuni, na hulipwa kwa siku. Amepewa jina la tajiri, akabaki na maisha ya kibarua.

Thamani ya jina hilo huonekana siku ya ajali. Nyaya zinazopita juu ya nguzo za mitaani mwetu aghalabu hubeba volti 11,000, na mkono uliokosea hapo haupati nafasi ya kujifunza. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awawekee bima wafanyakazi wake. Mtu akianguka kutoka kwenye nguzo, swali la kwanza litakuwa, mwajiri wake ni nani? Mwanakandarasi mkubwa atamwelekezea kidole mdogo, na mdogo atasema kwamba aliyeanguka alikuwa mwanakandarasi mwenzake. Majeruhi, au mjane wake, atasimama katikati akiwa na bahasha tupu kama ile niliyoiona langoni pangu.

Wanakandarasi wadogo nao wana kilio chao, nasi hatuna budi kukisikiliza. Wao pia hucheleweshewa malipo, na wakati mwingine hulipa mafundi kwa fedha za mkopo. Lakini kuandika karatasi moja hakugharimu kile ambacho kulipa mshahara hugharimu. Jina la fundi, kazi aliyopewa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kiwango cha malipo, na sahihi ya mwajiri vyote vinaenea kwenye ukurasa mmoja. Anayekataa kuuandika ukurasa huo hajakosa fedha. Amekosa nia.

Yapo basi mambo matatu ambayo yangeweza kufanywa bila kusubiri sheria mpya. Kwanza, mashirika ya umma yanayotoa kandarasi za umeme, yakiwemo Kenya Power, KETRACO na REREC, yangeweza kumshurutisha mwanakandarasi mkubwa aonyeshe mikataba ya mafundi wote waliofanya kazi, hata wale walioajiriwa na wadogo zake, kabla ya kulipwa sehemu ya mwisho ya fedha zake. Pili, vyuo vya ufundi vinavyomfundisha kijana kupima ethi na kusoma ramani ya nyaya vingeweza kumfundisha pia kusoma mkataba, tena kwa Kiswahili anachokielewa barabara. Tatu, fundi mwenyewe aweke daftari, na kila siku aandike mahali alipofanya kazi, kazi yenyewe, msimamizi wake na malipo aliyopokea. Daftari si cheti, lakini ni bora kuliko kumbukumbu.

Mto Ruiru unaopita karibu nasi ulitumiwa kuzalisha umeme kwa ajili ya Nairobi tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Tangu zama hizo hadi leo, taa zetu zimewashwa na mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Tumewaita mafundi wa stima, tumewapigia simu usiku fyuzi inapokatika, na tumewasahau taa inapowaka.

Kijana yule alirudi wiki iliyofuata. Alikuwa amepata kandarasi nyingine, ya miezi minne, na malipo yalikuwa mazuri kuliko yale ya kwanza. Nilimpa daftari jipya, na ukurasa mmoja niliomwandikia kwa Kiswahili, wenye nafasi za kujaza jina, kazi, tarehe, malipo na sahihi. Nikamwambia, "Kabla hujapanda nguzo, mpe huyo tajiri wako aweke sahihi hapa."

Aliutazama ukurasa ule kwa muda, kisha akaniuliza, "Na akikataa, Mwalimu?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu nilijua kwamba nje ya lango la mradi huo wamesimama mafundi wengine 20 ambao wangepanda nguzo bila kuuliza. Swali lake hawezi kulijibu peke yake, wala mimi siwezi kumjibia. Linawangoja wakaguzi wa kazi, vyama vya wafanyakazi, na wale wenye uwezo wa kuzuia malipo ya mwisho.