Picha za Chapa za Nyumbani: Sayansi ya Wino na Karatasi

Miongoni mwa kazi za sanaa ambazo mtu aweza kuzifanya nyumbani kwake bila mashine wala mtaji mkubwa, uchapaji wa picha kwa kibao una nafasi ya pekee. Mchoraji wa kawaida hupata picha moja kwa kazi moja. Mchapaji huchonga kibao kimoja, hukipaka wino na kukigandamizia karatasi, na kwa kibao hicho hicho aweza kupata nakala thelathini au arobaini. Ndiyo sababu picha ya chapa huuzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida aimudu, nayo yafaa sana kuuzwa katika duka dogo.

Hata hivyo, kosa la mchoraji huharibu picha moja, lakini kosa la mchapaji huzidishwa kwa idadi ya nakala zake. Wino usiokauka sawasawa, karatasi inayogeuka manjano na rangi inayopauka havionekani siku ya mauzo. Huonekana baada ya miezi kadhaa, picha ikiwa tayari ukutani kwa mnunuzi. Makala haya yanaeleza jinsi elimu ya kemia inavyoweza kumwepusha mchapaji na hasara hiyo, na pia na hatari ya moto ambayo wengi hawaitambui.

Sanaa yenye historia ndefu

Kitabu kikongwe kuliko vyote vilivyochapwa ambavyo tarehe yake yajulikana ni msahafu wa dini ya Kibudha uliochapwa Uchina kwa vibao vya mbao mwaka 868. Mwanzoni mwake mna picha ya chapa ambayo wino wake wa masizi ungali mweusi hadi leo. Huko Japani, mnamo mwaka 1831, picha mashuhuri ya Hokusai ya wimbi kubwa ilichapwa kwa maelfu ya nakala na kuuzwa madukani kwa watu wa kawaida. Barani Afrika, John Muafangejo (1943–1987) wa Namibia, aliyesomea sanaa Rorke's Drift nchini Afrika Kusini, alijipatia sifa duniani kwa picha zilizochapwa kwa vibao vya linoleamu. Jijini Dar es Salaam, katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972, wasanii kama George Lilanga walichapa picha kwa mabamba ya metali.

Kibao na uchongaji

Linoleamu ni kitandiko cha sakafu kilichobuniwa na Frederick Walton nchini Uingereza katika miaka ya 1860. Hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyogandishwa na hewa, yakachanganywa na unga wa mbao na wa magome ya mti uitwao koki, kisha mchanganyiko huo ukatandazwa juu ya kitambaa cha gunia. Si sawa na vitandiko vya plastiki vinavyofanana nayo kwa sura. Huchongeka kwa urahisi kwa sababu haina nyuzi kama mbao, na ikianikwa juani kwa dakika chache huwa laini zaidi. Pasipopatikana linoleamu, mbao laini iliyopigwa msasa vizuri hufaa pia.

Chombo cha kuchongea ni bobari ndogo, yaani patasi yenye makali ya mviringo. Sehemu inayochongwa hubaki nyeupe, na ile inayoachwa ndiyo inayopokea wino. Ikumbukwe kwamba picha hutoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Basi maandishi yote sharti yachongwe kinyume, na njia rahisi ya kuyakagua ni kuyatazama katika kioo kabla ya kuanza kukata.

Wino husambazwa kwa rola ya mpira juu ya kipande cha kioo hadi uwe tabaka jembamba, kisha huhamishiwa kwenye kibao. Karatasi hulazwa juu yake, nayo husuguliwa taratibu kwa mgongo wa kijiko cha mti. Wino mwingi mno hujaza mistari myembamba na kuchelewa kukauka.

Kukauka kwa wino ni nini?

Watu wengi hudhani kuwa wino wa mafuta hukauka kama nguo iliyofuliwa, yaani kwa majimaji kutoweka hewani. Sivyo. Mafuta ya kitani yanayobeba rangi hayaendi popote. Huvuta oksijeni kutoka hewani, na katika siku za mwanzo uzito wake huongezeka badala ya kupungua. Molekuli za mafuta hayo zina vifungo maradufu kati ya atomu za kaboni, na jirani na vifungo hivyo ndipo oksijeni inaposhika. Kisha molekuli moja huungana na nyingine, na hiyo na ya tatu, mpaka zote zikafungamana kama nyuzi za wavu. Hapo mafuta yaliyokuwa majimaji huwa utando mgumu. Hiyo ndiyo kemia iliyomwezesha Walton kutengeneza linoleamu. Hivyo kibao na wino wake ni ndugu wa mama mmoja.

Wanakemia hupima wingi wa vifungo hivyo kwa kuangalia gramu za iodini zinazopokelewa na gramu 100 za mafuta. Kwa mafuta ya kitani kipimo hicho hufikia takriban 170 hadi 200. Kwa alizeti ni kama 110 hadi 140. Kwa nazi ni 6 hadi 11 tu. Kwa hiyo anayelainisha wino mzito kwa mafuta ya nazi huupa mafuta yasiyokauka kamwe. Nakala zake zitachafua mikono ya wanunuzi hata baada ya mwaka.

Wino huanza kukauka juu, mahali unapokutana na hewa, na ndani huenda ukabaki mbichi. Kwa hiyo kugusa kwa kidole hakutoshi. Jaribio bora ni kulaza karatasi nyeupe juu ya nakala na kuisugua kwa kijiko. Ikitoka safi, nakala iko tayari. Tabaka jembamba huhitaji siku kadhaa, na nene huweza kupita juma zima. Nakala zitundikwe kwenye kamba penye hewa, wala zisirundikwe.

Katika majira ya masika karatasi hunyonya unyevu na kutanuka, hasa kwa upande unaokingama na nyuzi zake. Picha ya rangi mbili iliyoanzwa siku kavu na kumaliziwa siku ya mvua huweza kukosa kulingana.

Hatari ya matambara

Mafuta ya kitani yanapovuta oksijeni hutoa joto. Juu ya karatasi iliyotundikwa joto hilo hupotea hewani. Lakini ndani ya matambara yaliyolowa mafuta na kukunjwa pamoja, hewa yapenya huku joto likikosa njia ya kutoka. Joto huharakisha kazi ya oksijeni, na kazi hiyo huzidisha joto, mpaka kitambaa kiwake chenyewe bila kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991, moto ulioanzia katika matambara ya namna hiyo uliunguza ghorofa kadhaa za jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia, Marekani, na wazima moto watatu walipoteza maisha yao.

Kwa mtu anayefanya kazi sebuleni, watoto wakilala chumba cha pili, jambo hili si dogo. Matambara yaanikwe nje moja moja yakiwa yamekunjuliwa, au yatiwe ndani ya kopo la bati lenye maji na mfuniko. Yasiachwe kamwe katika rundo au katika mfuko wa plastiki.

Karatasi na rangi

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao iliyosagwa pamoja na lignini yake, nayo lignini hugeuka manjano ikipigwa na mwanga. Karatasi nyingine hudhoofishwa na tindikali iliyomo ndani yake, ambayo hukata nyuzi za selulosi mpaka zikavunjika. Karatasi ya pamba ni bora, kwa kuwa pamba ni karibu selulosi tupu. Kabla ya kununua karatasi nyingi, mchapaji afunike nusu ya kipande kimoja kwa kadibodi na kukiacha juani kwa majuma mawili. Nusu mbili zikitofautiana, asiinunue.

Rangi nazo zijaribiwe vivyo hivyo, kwa muda mrefu zaidi. Masizi, ambayo ni kaboni, na udongo mwekundu wenye kutu ya chuma hustahimili mwanga. Rangi nyingi za kutia nguo hupauka.

Dukani

Ni desturi kuandika namba chini ya kila nakala: 7/30 maana yake ni nakala ya saba kati ya thelathini. Namba hiyo ni ahadi kwamba nakala ya thelathini na moja haitachapwa. Iandikwe kwa penseli, kwa maana risasi ya penseli ni kaboni nayo haipauki, ilhali wino wa kalamu nyingi hufifia.

Katika kupanga bei, mchapaji asisahau nakala zilizoharibika. Ikiwa alitumia karatasi 40 na 10 zikaharibika, gharama ya karatasi zote 40 sharti ibebwe na nakala 30 zilizo njema. Yaani gharama ya karatasi kwa kila nakala huzidi kwa theluthi moja.

Mnunuzi wa picha hana njia ya kupima mafuta, lignini wala uimara wa rangi. Hulipa kwa kuliamini jicho lake na neno la muuzaji. Majaribio yaliyoelezwa hapa hayahitaji maabara, ila jua, kijiko, kipande cha kadibodi na subira ya majuma machache kabla nakala ya kwanza haijapelekwa dukani.