Maumivu Mapya Baada ya Saratani

Mama aliyemaliza matibabu ya saratani ya matiti mwaka juzi anaamka mgongo unamuuma. Jana yake alishinda shambani akipalilia. Jirani aliyekuwa naye shamba hilohilo ana maumivu yaleyale. Amemeza Panadol mbili na kuendelea na shughuli zake. Mama huyu hawezi. Anaupapasa mgongo pingili kwa pingili, na kabla chai haijachemka ameshajiona yuko wodini tena, nywele zimenyonyoka, watoto wamepelekwa kwa bibi yao.

Hofu ya namna hii huwapata watu wengi waliotibiwa saratani, wacha Mungu na majasiri wakiwemo.

Daktari anaposema saratani imetulia, ana maana kwamba haoni dalili zake mwilini wala kwenye vipimo. Hajaapa kwamba haitarudi. Ndiyo maana mgonjwa huendelea kupewa tarehe za kliniki. Kwa saratani ya matiti, mwongozo unaofuatwa na wengi ni kuonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa 5, na baada ya hapo mara moja kwa mwaka.

Kipindi hiki cha baada ya matibabu kilielezwa vizuri na mtu aliyekipitia. Fitzhugh Mullan alikuwa daktari wa Marekani mwenye umri wa miaka 32 alipogundulika mwaka 1975 kuwa na saratani kifuani. Miaka 10 baadaye aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba safari ya mgonjwa ina majira matatu. Ya kwanza ni ya matibabu makali. Ya pili huanza matibabu yanapokwisha: mtu amerudi nyumbani, wauguzi hawako karibu tena, mwili bado dhaifu, na kinachomtawala ni hofu ya ugonjwa kurudi. Ya tatu hufika pale uwezekano wa kurudi unapokuwa mdogo sana. Mullan aliishi hadi 2019.

Kinachozidisha hofu ni kwamba mwili uliotibiwa hutoa ishara nyingi za kutisha zisizo saratani. Titi lililopasuliwa au kupigwa mionzi linaweza kuota kivimbe kigumu ambacho mkono hauwezi kukitofautisha na saratani. Kikichukuliwa kinyama na kupimwa maabara, huweza kukutwa ni mafuta tu yaliyokufa baada ya kujeruhiwa. Vidonge vya letrozole na anastrozole, ambavyo wanawake wengi waliokoma hedhi hunywa kwa miaka 5 au zaidi, huweza kuleta maumivu ya magoti na vidole kukakamaa asubuhi. Mwaka 2021, chanjo za UVIKO-19 ziliwavimbisha baadhi ya watu tezi za kwapa, hata wataalamu wa picha za matiti Marekani wakashauri kwamba, ikiwezekana, mamogramu ya kawaida ifanywe kabla ya chanjo au wiki 4 hadi 6 baada yake. Na huku kwetu Afrika Mashariki, tezi za shingo zilizovimba au kikohozi kisichoisha huweza kuwa kifua kikuu, ugonjwa unaotibika.

Hata hivyo, saratani hurudi kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu wanawake zaidi ya 62,000 wenye saratani ya matiti inayochochewa na homoni, ulionesha kwamba inaweza kuibuka tena hata miaka 20 tangu igundulike. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa "acha kuwaza" hakumsaidii. Anachohitaji ni utaratibu aliokubaliana na daktari wake kabla maumivu hayajaja.

Utaratibu huo huanza na maswali machache. Dalili ni mpya? Imepita wiki 2? Inazidi? Maumivu ya mgongo yaliyokuja baada ya kupalilia na kupungua siku ya nne hayamlazimu mtu kupanda basi. Yale yanayomwamsha usiku, yasiyopoa hata akilala, na yanayoongezeka wiki hadi wiki, ni ya kumpelekea daktari. Kuandika tarehe yalipoanza na jinsi yanavyokwenda humsaidia mgonjwa na daktari pia. Zipo dalili zisizosubiri wiki 2: miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo au choo, kifafa cha ghafla, kupumua kwa shida, kutokwa damu nyingi. Hizo ni za kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Wenye uwezo hupata kishawishi kingine: kupima kila kitu, kila mara. Jambo hilo lilijaribiwa Italia kwa wanawake 1,320 waliotibiwa saratani ya matiti. Kundi moja lilipimwa mifupa, ini, kifua na damu kwa ratiba. Jingine lilionwa na daktari na kufanyiwa mamogramu kila mwaka, vipimo zaidi vikiongezwa pale tu dalili zilipotaka. Matokeo yalitoka 1994: vifo 132 katika kundi la vipimo vingi na 122 katika jingine, yaani vipimo vile havikuongeza maisha. Saratani nyingine, kama ya utumbo mpana, zina ratiba ya picha za CT na vipimo vya damu, hivyo kila mgonjwa aulize ya kwake.

Kwa mgonjwa wa Mtwara anayefuatiliwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kila hofu ina nauli na pa kulala. Ni vyema aondoke kliniki akiwa na namba ya kupiga dalili ikitokea, jina la hospitali ya karibu itakayomwona kwanza, na nakala ya ripoti zake: aina ya saratani, hatua iliyofikia, dawa na mionzi aliyopewa. Daktari wa wilaya asiyemjua atazihitaji.

Hofu yenyewe pia ina tiba. Nchini Australia, watu 222 waliotibiwa saratani na wenye hofu kali walishiriki jaribio lililochapishwa 2017. Baadhi walipewa vikao 5 vya ushauri ndani ya wiki 10, wakifunzwa kuliacha wazo la kutisha lipite bila kulifuata, kujichunguza kwa kiasi, na kurudia mambo wanayoyathamini maishani. Hofu yao ilipungua kuliko ya wenzao waliofundishwa kutuliza mwili tu.

Ndugu nao wana kazi yao. "Si ulishapona?" ni swali linalomfunga mtu mdomo. Afadhali kumuuliza panauma wapi na tangu lini, kisha kumsindikiza siku ya majibu na kusikiliza pamoja naye, kwa sababu aliyejaa hofu husahau mengi anayoambiwa. Na akianza kukosa usingizi wiki nzima, kuacha kula, au kukwepa kliniki kwa kuogopa atakachoambiwa, wamwambie daktari mapema, kwani kuna waliorudi hospitali wamechelewa kwa sababu hiyo tu.